Fleti iliyokarabatiwa ghorofa ya 8 Upanga, jengo la zamani: nichukue au niachane nayo?

Baba Naima

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na majengo marefu ya zamani pale mjini.

Kuna fleti inauzwa Upanga, Dar, vyumba vitatu, ghorofa ya 8 kati ya 10. Jengo ni la mwanzoni mwa miaka ya 70. Mwenye fleti kaibomoa yote ndani na kuisuka upya: jiko limeunganishwa na sebule, kaunta ya granaiti, vigae vikubwa vya kung'aa, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, viyoyozi vinne, bafu la vioo, na kibaraza cha mbele kimefungwa kwa alumini na kioo. Ukikaa sebuleni unaiona bahari mpaka Daraja la Tanzanite. Mke wangu aliingia jikoni akaanza kupanga sufuria zitakaa wapi, mbele ya dalali! Bei ikagoma kushuka palepale.

Ukitoka nje ya mlango ni dunia nyingine. Korido ina rangi ya kijani ya enzi hizo, lifti ziko mbili inayofanya kazi ni moja, nyaya zinaning'inia kwenye ngazi. Chini kwenye maegesho kuna sehemu zege limebanduka darini, nondo zinaonekana. Nilipomuonyesha dalali akasema, "Hayo ni ya jengo bosi, wewe unanunua fleti."

Wanataka milioni 640. Fleti ya ukubwa uleule, haijaguswa, ghorofa ya 3, iliuzwa majuzi milioni 390. Habari hiyo nimepewa na mlinzi na naiamini kuliko ya dalali. Pesa yangu ni ya kiwanja cha Mbweni nilichouza. Nikilipa hii nabaki na kama milioni 30 mkononi, basi. Watoto wanasoma mjini na foleni ya Barabara ya Bagamoyo inatumaliza, ndiyo maana tumeng'ang'ania Upanga.

Je, hiyo tofauti ya milioni 250 ni ukarabati kweli? Nondo zile niziogope? Na karatasi zipi nidai kabla sijatoa hata senti? Naomba kuwasilisha.

Kijiwe cha Posta

Angalau alikutajia kwa shilingi. Madalali wa Upanga na Masaki walizoea dola mpaka kanuni za Machi 2025 zilipokataza kutangaza bei za humu nchini kwa fedha za kigeni, na bado wapo wanaonong'ona "greens". Ila hiyo ya "wewe unanunua fleti" imenichekesha. Kwani hiyo fleti imening'inizwa mbinguni?

Fundi Mwinyi

Baba Naima, mimi ni kontrakta mdogo, na kazi zangu nyingi ni hizohizo za kukarabati fleti za Upanga na Kisutu. Nakujibu kutoka upande wa anayepaka rangi.

Milioni 250 haijaingia mule ndani. Kwa vitu ulivyovitaja mimi ningekuandikia hesabu ya milioni 90, na mteja akitaka masinki na mixa za Italia tungefika 120. Iliyobaki ni bahari na sufuria za shemeji.

Sasa sikiliza ambacho mwuzaji hakusemi, na wala si lazima awe tapeli, huenda hata yeye hajui. Majengo ya umri huo yalifungwa mabomba ya maji ya chuma, gavanaizi. Yale huoza kuanzia ndani. Kutu inajenga ukuta wake ndani ya bomba mpaka njia ya inchi mbili inabaki ya kupitisha kidole. Tunapokarabati fleti moja tunabadilisha kuanzia valvu ya mlangoni kuja ndani, tunaweka mabomba mapya ya plastiki ya PPR, bafu linapendeza. Bomba kuu linalopanda kwenye shafti hatuligusi. Ni la wote, na cha wote hakuna anayekilipia fundi. Kwa hiyo usiende kuangalia fleti saa nane mchana jengo likiwa limelala. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu wakioga, fungua shawa zote na sinki la jikoni, kisha vuta choo. Ukiona shawa inalia badala ya kumwaga, hiyo si kazi ya kubadilisha shawa. Maji yenyewe onja. Majengo mengi pale yanachanganya ya DAWASA na ya kisima, na cha chumvi kitakulia hita za maji moja baada ya nyingine.

Jipsamu ya bafuni: mwambie afungue. Juu yake linapita bomba la majitaka la jirani wa ghorofa ya 9. Nimeshafungua dari nzuri sana nikakuta slabu imelowa na ndoo imewekwa kinga, ndoo kabisa, imejaa nusu. Halafu shuka ghorofa ya 7 ubishe hodi kwa adabu, uulize kama kwao kunavuja kutoka juu. Jirani wa chini hana faida yoyote ya kukudanganya.

Vigae. Miaka ile sakafu zilikuwa za teraso. Wengi hawabomoi teraso, wanamwaga mchanga na saruji juu yake halafu wanabandika vigae. Dalili ni mlango wa kuingilia: tazama kama umekatwa chini, au kama kuna kakidato ukitoka koridoni kuingia ndani. Sentimita 5 za mchanga na saruji ni karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, vigae vyenyewe havijahesabiwa. Slabu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 za watu na vitu kwa mita ya mraba. Ona mwenyewe sehemu gani ya posho hiyo imeshaliwa kabla hujaingiza kabati.

Ukuta wa jiko uliotolewa unaweza usiwe na shida. Majengo mengi ya wakati ule ni fremu ya nguzo na bimu, tofali ni za kujazia tu. Lakini usikubali maneno. Omba uone fleti ambayo haijaguswa kwenye mstari uleule, uone palikuwa na nini, kisha udai barua ya mhandisi aliyeruhusu. Kama hakuna barua, aliyeruhusu ni fundi kama mimi.

Umeme: washa viyoyozi vyote vinne, hita na jiko, kaa nusu saa mkipiga stori, halafu gusa kwa nje boksi la mita na swichi kuu. Likiwa la moto, kebo inayopanda kutoka chini ni ileile ya zamani, iliyofungwa wakati fleti ina feni tatu na friji.

Nondo za maegesho ndizo zenyewe. Zege jipya lina ualkali unaoilinda nondo. Miaka inavyokwenda hewa ya kabonidayoksaidi inapenya na kuumaliza, na hapo baharini chumvi inasaidia kazi. Nondo ikishika kutu inavimba, kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma, ndiyo inasukuma zege libanduke. Ulichokiona chini ni mwisho wa safari, si mwanzo. Suala ni je, ni slabu peke yake au na nguzo? Kwenye nguzo tafuta ufa wa kusimama wima unaofuata nondo, na michirizi ya kahawia. Mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, atagonga kwa nyundo asikilize panapolia tupu, atatoboa kidogo na kupulizia dawa ya fenofthalini: zege zima linageuka waridi, palipochoka hapabadiliki. Mlipe. Ukilinganisha na milioni 640, ada yake ni nauli.

Wakili wa Mchana

Fundi kamaliza upande wake, niongeze wa makaratasi.

Uliza swali hili moja kabla ya mengine yote: fleti ina hati yake? Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, kila fleti inaweza kuwa na hati yake, na wenye fleti wanakuwa chama kinachosimamia vya pamoja, yaani paa, ngazi, lifti, kuta za nje, mabomba makuu. Majengo ya zamani mengi hayajafika huko. Utakuta hati moja ya kiwanja kwa jina la kampuni au familia, na "mwenye fleti" ana mkataba wa pango wa muda mrefu tu. Huo nao unaweza kuwa halali kama umesajiliwa, lakini si kitu kilekile, na benki ikiulizwa mkopo itakwambia wazi.

Pili, miaka iliyobaki. Hatimiliki zetu ni za miaka 33, 66 au 99. Kwa mfano kiwanja kilipewa hati mwaka 1972: ya 99 inaisha 2071, ya 66 inaisha 2038, ya 33 iliisha 2005 na unatakiwa kuonyeshwa ilivyohuishwa. Nimeona watu wakiuliza rangi ya kaunta wasiulize hilo.

Tatu, na hili ni la Upanga na katikati ya mji hasa. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mpaka leo kuna fleti za namna hiyo ambazo mpangaji ameishi tangu ujana wake, kakarabati kwa pesa yake, na anakuja "kukuuzia". Anachokuuzia ni kilemba. Unalipa mamilioni, unabaki mpangaji, tena mpangaji asiye na jina kwenye mkataba. Sisemi ya kwako ni hiyo. Nenda ofisi ya Msajili wa Hati ufanye upekuzi rasmi kwa namba ya hati, ujue mwenyewe ni nani na kama kuna rehani au zuio.

Vingine kwa haraka: ridhaa ya mwenza wa mwuzaji kwa maandishi, risiti za kodi ya pango la ardhi, kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni ya mwuzaji (asikubebeshe wewe kimyakimya kwenye mkataba), ushuru wa stempu ambao utakuwa wako, na kibali cha Kamishna wa Ardhi. Kodi ya jengo isikusumbue sana, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Baba Naima

Asanteni sana wakuu. Nimempigia dalali nikauliza hati. Kwanza akasema "ipo", baadaye akasema kiwanja ni cha kampuni ya wenye fleti, kila mwenye fleti ana hisa na mkataba wa pango, na mchakato wa hati za sehemu "uko mbioni". Nimeuliza uko mbioni tangu lini, akasema atanirudia.

Mlango wa kuingilia umekatwa chini, Fundi. Nilidhani ndiyo mtindo.

Mama wa Ghorofa ya Sita

Mwanangu Baba Naima, mimi sijui fenofthalini, ila nimeishi kwenye jengo kama hilo tangu nikiwa mwalimu kijana, na sasa ni mweka hazina wa kamati yetu, kazi ambayo hupewa mtu asiyekuwepo kikaoni siku ya uchaguzi. Hao wamekwambia habari za zege na za hati. Nikwambie za watu.

Tuna fleti 32. Miaka ya nyuma lifti ilianza kusimama kati ya ghorofa, wazee wakawa hawashuki. Tukaletewa hesabu ya lifti mpya, milioni 160, maana yake milioni 5 kila fleti. Kikao cha kwanza watu wa chini wakasema sisi hatupandi lifti, tulipie nini? Wa juu wakasema basi na sisi hatutachangia pampu ya maji ya chini. Wenye fleti wengine wako Leicester na Toronto, wamepangisha, simu zao zinaita tu. Mmoja alilipa siku ileile bila neno, bwana mmoja wa ghorofa ya 2 ambaye hajawahi kupanda hiyo lifti, Mungu amlipe. Nusu walilipa ndani ya mwaka. Waliobaki tuliwafuata mpaka nywele zikaota mvi, na lifti ilifungwa bei ikiwa imeshapanda.

Kwa hiyo wewe ukienda pale usianze na fleti. Anza na mwenyekiti. Mwombe daftari la michango la miaka mitatu. Tazama nani hulipa na nani hukwepa. Uliza akiba benki ni kiasi gani, si ahadi, taarifa ya benki. Uliza ile lifti ya pili imekufa lini na kwa nini haijafufuliwa, na hapo nyamaza, mwache aongee, utajua jengo lina uongozi au halina. Uliza paa limezibwa lini mara ya mwisho, maana matangi yako juu yenu na maji hayana adabu, yanashuka. Ghorofa ya 8 utayapata baada ya wa 10 na wa 9.

Kisha uulize kama fleti namba hiyo inadaiwa. Kwetu sisi deni tunaidai fleti, hatumdai mtu. Aliyenunua fleti ya jirani yangu wa pembeni alikaribishwa na bili ya mchango wa miaka sita, siku anahamisha makochi. Alinichukia mimi, wakati mwuzaji alikuwa ameshapanda ndege.

Jambo jingine. Kibaraza kilichofungwa kioo, kamati iliruhusu? Kwetu wakifunga kimoja wote wanafuata, halafu maji ya mvua yanapita kwenye maungio ya alumini na kuingia ukutani kwa wa chini. Ugomvi wa namna hiyo nimeusuluhisha zaidi ya ugomvi wa muziki.

Milioni 30 ya kubaki nayo hainitoshi mimi kulala usingizi. Jengo lenye nondo nje na lifti moja linadai, kama halijakuambia leo litakuambia mwakani. Ukikaa tayari na hilo, Upanga ni pazuri, sitoki. Natembea sokoni, natembea hospitali, jioni upepo wa bahari bure.

Mbongo Tampa

Shikamoo Mama wa Ghorofa ya Sita, umeniongelea kabisa. Mimi niko Florida. Juni 24, 2021 jengo la fleti la ghorofa 12 pale Surfside, karibu na Miami, liliporomoka usiku watu wamelala, wakafa 98. Lilikuwa la mwaka 1981, kando ya bahari, fleti za watu wenye uwezo, ndani zimekarabatiwa safi. Mhandisi alishaandika ripoti mwaka 2018 kwamba zuio la maji kwenye eneo la bwawa la kuogelea limeharibika na zege la chini yake linaumia. Wenye fleti walikuwa katikati ya kubishana na kuanza kuchangishwa, hesabu ya matengenezo ilikuwa karibu dola milioni 15.

Baada ya hapo jimbo likatunga sheria mwaka 2022: majengo ya fleti ya ghorofa tatu na kuendelea yakaguliwe muundo yakifikia miaka 30, na lazima chama kiweke akiba ya kweli kwa paa, muundo na mengine makubwa. Matokeo yake michango ilipanda sana, na fleti za zamani nyingi zikaanza kuuzwa kwa bei ya kulia. Rafiki yangu alinunua moja na jambo la kwanza wakala alimpa ni ripoti ya mhandisi na hesabu za akiba, picha za jiko zikafuata. Huko nyumbani hakuna atakayekupa bila kudai, kwa hiyo dai.

Kijiwe cha Posta

Tusimtishe mwenzetu kupita kiasi. Lile jengo lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar, Machi 2013, ghorofa 16, lilikuwa jipya kabisa, bado linajengwa, na likaua watu zaidi ya 30. Upya peke yake si kinga. Haya ya miaka ya 70 angalau yameshasimama nusu karne, mengi yalisimamiwa na wahandisi waliokuwa wanaogopa kazi yao.

Fundi Mwinyi

Kweli, ila nusu karne hiyo yalikaa bila vigae juu ya teraso na bila viyoyozi vinne kila fleti. Mzigo tunauongeza sisi.

Baba Naima

Mrejesho wakuu. Mama shikamoo, nilifuata maneno yako, nikaanza na mwenyekiti. Mzee mstaarabu, kanipa chai. Daftari analo. Fleti ziko 40, wanaolipa kwa wakati hawafiki 20. Akiba benki ni milioni 11. Lifti ya pili imekufa kwa sababu ya kadi ya umeme iliyoungua, vipuri vyake havitengenezwi tena, wanatakiwa kubadilisha mfumo mzima. Mhandisi walimleta mwaka juzi, ripoti ipo ila kurasa za mwisho zenye hesabu ya fedha "ziko kwa katibu". Hati za sehemu: walianza kupima, wakasimama kwa kukosa ada.

Mwuzaji amekataa kufungua jipsamu ya bafuni, anasema itaharibu rangi. Nimemwambia nitalipia rangi. Bado anakataa.

Yule wa ghorofa ya 7 nilimkuta. Alinionyesha dari la bafu lake bila hata kuniuliza nimetoka wapi.

Mke wangu sasa anasema ile ya ghorofa ya 3 kama ingekuwa bado ipo tungeichukua na kuikarabati wenyewe. Mlinzi ananiambia kuna nyingine ghorofa ya 4, mama mmoja anahamia kwa mwanawe Arusha, haijaguswa tangu ijengwe, anafikiria milioni 400.

Wakili wa Mchana

Hiyo ya 4 inabaki kwenye jengo lilelile, hati ileile, akiba ileile. Faida yake ni kwamba utabaki na milioni 200 na kitu, na dari unaliona. Ukiifuata, malipo yawe kwa awamu: sehemu ndogo siku ya kusaini, kubwa baada ya kampuni kukubali kwa maandishi kuhamisha hisa na pango kwa jina lako na pango hilo kusajiliwa, na bakaa moja ishikiliwe na wakili mpaka barua ya kamati kwamba fleti haidaiwi. Kurasa za katibu uzipate kabla ya awamu ya kwanza.

Mama wa Ghorofa ya Sita

Na huyo mama wa ghorofa ya 4 muulize kwa nini anahama sasa. Kama ni ngazi, lifti ya pili ina habari zaidi ya alizokupa mwenyekiti. Kurasa zikichelewa, niandikie pembeni. Wenye kamati za majengo haya tunafahamiana, katibu wao namjua tangu akiwa mwanafunzi wangu.